Jino Ambalo Halikung'olewa

Nilikuwa nauza mitumba na mjomba wangu pale Dodoma, tukiishi mtaa wa Kikuyu, jino la nyuma liliponiuma mpaka nikalizoea. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa bidhaa tena. Nilikuwa nimetoka kijijini kwetu Busi baada ya darasa la saba, na sikuwa msemaji.

Mwishowe nikaenda hospitali, nikalazwa kwenye kiti cha meno. Mwalimu mmoja mzee akaingia na wanafunzi watano wanaosomea meno, wanaume wanne na dada mmoja. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaomba ruhusa wanijadili. Nikakubali, maana sikujua namna ya kukataa.

Utaratibu wake ulikuwa huu: hakuna kushika koleo kabla kila mmoja hajasema angefanya nini, na kwa nini.

"Mimi nang'oa," alisema mwanafunzi mmoja mrefu. "Jino lenyewe limeshaaga, tunalisindikiza tu."

Wenzake wakacheka.

"Na damu isipokoma," mwalimu akauliza, "utamsindikiza nani?"

Yule mrefu akanigeukia. "Bwana mdogo, umewahi kukatwa ukatoka damu muda mrefu?"

Nilimtazama yule dada, kisha sakafu. "Hapana," nikasema.

Haikuwa kweli. Jandoni nilitoka damu siku tatu. Kaka yangu, niliyeingia naye siku moja, alitoka damu vilevile, na hakurudi nyumbani. Kwetu mambo ya jando hayasemwi mbele ya mwanamke, na habari za kaka hazikusemwa mbele ya mtu yeyote. Nilijua kuwa wakiling'oa naweza kumfuata. Nilijua hivyo kama mtu anavyojua kuwa kesho ni siku ya mnada. Sikuogopa. Tangu kaka azikwe sikuwa mtu wa kuogopa, wala wa kufurahi.

Wanaume wote wanne walisema ling'olewe. Zamu ya dada ikafika.

"Mimi leo singeling'oa."

"Sababu?"

"Kabla ya kujibu alinitazama. Nadhani lipo la kusema, ila siyo mbele yangu. Naomba nitoke."

"Basi tutoke wote, tumwachie koleo ajing'oe," yule mrefu akasema.

"Umesema vizuri," mwalimu akajibu. "Tokeni wote."

Mlango ulipofungwa, alivuta kigoda akakaa. "Haya mwanangu. Tumebaki wanaume."

Nikamwambia yangu. Akauliza kama yuko mwingine kwetu. Nikamwambia ya kaka. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma orodha ya nguo.

Alipowaita, hakutaja jando. "Damu yake haikomi upesi, na ndugu yake alikufa hivyo. Anzeni upya."

Yule mrefu alitazama koleo kwenye sinia. "Simgusi," akasema polepole. "Aende hospitali kubwa."

Wakanipa dawa ya maumivu na barua ya kwenda nayo huko.

Jioni mjomba alikuwa anakunja mashati. "Wameling'oa?"

"Bado. Waliuliza mambo ya damu. Nikawaambia ya kaka."

Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Hata mdogo wangu alikwenda hivyohivyo," akasema.

Sikuwahi kusikia kuwa alikuwa na mdogo wake. Nikampa ile barua. Akaisoma yote, akaitia mfukoni, akasema kesho meza ya mitumba tutaifunga, tutapanda basi wote wawili.