Fomu Niliyomjazia Mama

Mwanangu, iko siku moja ambayo nimejitahidi sana kuisahau, na kadiri ninavyozeeka ndivyo inavyozidi kunijia. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja dukani kwangu, mkoba juu ya magoti, na mimi nimesimama nyuma ya kaunta nikimjazia fomu ya bima ya safari. Fomu yenyewe ilikuwa kurasa mbili tu. Niliimaliza kabla chai yangu haijapoa, nikajiona hodari.

Usinicheke nikikwambia kwamba kujaza fomu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na kibanda cha kupiga chapa na kutoa fotokopi pale Kanyenye, mjini Tabora, na watu walinifuata hata kutoka Kigwa kwa ajili ya mwandiko wangu. Fomu za pasipoti, za shule, za mirathi, zote zilipita mikononi mwangu. Nilikuwa sijafika arobaini na nilijua kila kitu, kama mnavyojua kila kitu ninyi wa siku hizi. Nilikuwa na kanuni moja niliyowafundisha wateja bure: penye swali la shida, andika hapana. Umewahi kushtakiwa? Hapana. Una ugonjwa wowote? Hapana. Karatasi ikiwa na hapana tupu, nilikuwa nawaambia, hakuna ofisa atakayepoteza muda nayo.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za nusu ya watoto wa Kanyenye, mimi nikiwa mmoja wao, na kaptura zangu zilikuwa kubwa kila mwaka kwa sababu alisema nitazijaza. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara ya zamani, akibeba mizigo kutoka hapa Tabora mpaka Ujiji, na utotoni Mama alisikia habari za ziwa ambalo ukisimama ukingoni huoni mwisho wake. Alifika miaka sabini na moja hajaliona. Tulikuwa na reli inayofika Kigoma, lakini kila mwaka kulikuwa na jambo: mtoto wa kusomesha, nguo za watu za kumaliza, msiba.

Halafu kikundi chao cha ushonaji, kina mama kumi na wawili, wakaamua kujipa zawadi ya uzee. Wangepanda treni hadi Kigoma, kisha meli ndogo ya kukodi yenye vyumba vya kulala, washuke nayo taratibu mpaka Mpulungu, ng'ambo ya mpaka, Zambia, na kurudi. Siku nane. Mama alishona gauni jipya la safari, na kwa mara ya kwanza maishani akajishonea nguo yake kabla ya za wateja. Mwandaaji wa safari alikuwa na sharti moja: kwa kuwa wanavuka mpaka, kila aliyezidi miaka sitini awe na bima ya safari. Mama akanikabidhi mimi kazi hiyo. Alisema, "Masanja, wewe ndiye mtu wa makaratasi."

Nilianza vizuri, sitajisingizia. Nilikwenda kwa wakala mmoja, alipoona umri akataja bei iliyonifanya nimwombe arudie. Nikajaribu wa pili, huyo akasema aliyezidi sabini hawamchukui kabisa. Nikiwa nimekasirika nikapitia dukani kwa Mzee Kanji, muuza vitambaa, aliyemuuzia Mama majora tangu sijazaliwa. Mzee Kanji mwenyewe alikuwa mtu mzima sana na kila mwaka alisafiri kwenda kuwaona watoto wake nje ya nchi. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza shida yangu.

"Mama yako ana nini?" akaniuliza.

"Presha. Na mwaka juzi alilazwa kidogo."

"Basi andika hivyo hivyo. Mimi nina sukari, nilipasuliwa kifua, na yote naandika. Mmoja akikataa naenda kwa mwingine. Akipandisha bei naenda kwa wa tatu. Ninyi tena mko kumi na wawili! Ombeni bima ya kundi, itashuka. Mpeleke mama hospitali, daktari aandike barua kwamba anameza dawa na presha imetulia. Wakala akiona barua anaogopa kidogo tu, si sana."

"Mzee, hiyo yote itachukua wiki mbili."

"Mna wiki tano," akasema, na kuendelea kupima kitambaa cha mteja.

Nilimshukuru kwa adabu, nikatoka nikimcheka moyoni. Nilijiambia kwamba wazee wanapenda kuzungushwa. Kumpeleka Mama hospitali kulikuwa na maana ya kufunga duka siku nzima na kukaa foleni, na kuwakusanya kina mama kumi na wawili wakubaliane jambo moja niliona ni kazi ya mwezi. Nikatafuta wakala wa tatu, mwenye bima ya bei ya chini, iliyofika mpaka miaka sabini na mitano. Masharti yake yalikuwa mepesi ajabu: mradi msafiri asiwe na ugonjwa wa kudumu.

Ndipo ikawa ile Jumanne.

"Nisomee wanachouliza," Mama akasema.

"Wanauliza kama umewahi kulazwa, kama una presha, kama una dawa za kila siku."

"Basi waambie. Nililazwa mwaka juzi, presha ninayo, na asubuhi nameza vidonge viwili."

"Mama, hii ni fomu, si daktari."

"Lakini si wameuliza?"

"Wanamuuliza kila mtu. Ukiandika ndiyo moja tu, hiyo safari hakuna."

Akanyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza kabla ya kusema, na mimi sikuwa na subira ya kusubiri upande wa pili wa huko kunyamaza. Nikaandika hapana, hapana, hapana, kwa herufi zangu nzuri. Kisha akaniuliza, "Sasa mimi nikiulizwa huko njiani, nijibu nini?"

Nikamjibu, mwanangu, na maneno haya ningelipa chochote kuyarudisha: "Useme mzima. Usije ukamwambia mtu yeyote habari za presha, utaniharibia karatasi yote."

Akachukua kalamu akaandika jina lake polepole, akiinamia kaunta kama anatunga uzi.

Huku kwetu, ukitaka kunielewa, tumelelewa hivyo. Mtu anakukuta na homa ya siku tatu, anakusalimia mwangaluka, habari za kuamka, nawe unajibu nzuri, mzima kabisa. Baadaye, mkishaketi, ndipo unamwambia unaumwa. Na ugonjwa wa mzazi hautangazwi kwa mtu baki. Mimi niliijibu fomu kama ninavyojibu salamu, nikasahau kwamba fomu haina ile baadaye.

Nilimsindikiza stesheni. Alikuwa amevaa gauni lake, amebeba kapu la karanga na maandazi ya kundi zima. Aliniambia akirudi atanihadithia ziwa lote, maji kwa maji, na nisije nikajifanya nina wateja. Sijapata kumwona amefurahi vile, si kabla wala baada.

Siku ya tano simu ikanifikia dukani. Mama ameanguka melini, wamemshusha hospitali ya Mpulungu, upande wa kulia wa mwili haufanyi kazi. Nilipiga simu ya bima saa hiyo hiyo, na walinisikiliza vizuri. Wakaomba kumbukumbu zake za matibabu kutoka Tabora. Kumbukumbu zilikuwepo, zimeandikwa wazi: presha, kulazwa, dawa za kila siku. Baada ya siku mbili wakajibu kwamba msafiri aliyemo kwenye fomu hana ugonjwa na msafiri aliyemo hospitali anao, kwa hiyo hawawezi kumhudumia. Nilitaka kuwatukana. Sikuwa na cha kuwatukania, mwandiko ulikuwa wangu.

Nilikwenda kumchukua mwenyewe. Namna nilivyomrudisha, kwa gari hili na lile, kupitia Sumbawanga na Mpanda, amelazwa kwenye godoro, kila shimo la barabara likimtikisa, sitakueleza yote. Mashine ya fotokopi niliiuza kulipia safari hiyo. Hilo halinisumbui, mashine ni chuma.

Kinachonisumbua nilielezwa na Bi Mwajuma, rafiki yake waliyelala chumba kimoja melini. Alikuja kuniona nyumbani.

"Alianza kuumwa kichwa tangu siku ya tatu," akaniambia. "Mkono ukafa ganzi. Nikamwambia tumwite muuguzi wa meli, yupo, kazi yake ni hiyo. Akanishika kanga. Akasema, 'Usimwaibishe mwanangu, ameshaandika kwamba mimi mzima.'"

"Na dawa zake?" nikauliza. "Hakumeza dawa zake?"

"Dawa gani?" akauliza Bi Mwajuma. "Mimi sikumwona na dawa."

Nilikwenda chumbani kwa Mama nikatafuta. Vidonge nilivikuta kwenye kopo la vifungo, juu ya cherehani, vimefungwa vizuri kwenye kipande cha kitambaa. Alikuwa ameviacha makusudi. Mtu aliyeandikwa mzima hatembei na dawa, na mkaguzi wa mpakani angeweza kufungua mkoba. Nilimwambia asimwambie mtu yeyote, naye alikuwa mwanamke ambaye ukimwambia gauni liwe tayari Ijumaa, linakuwa tayari Ijumaa. Nilikaa chini pale sakafuni nikalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu.

Aliishi miaka mitano zaidi. Mkono wa kushonea haukurudi, na maneno hayakurudi. Daktari alitueleza kwamba wagonjwa wengine wa kiharusi hubakiwa na neno moja tu wanaloweza kulitamka sawasawa. Mama naye alibakiwa na lake. Wageni walikuja kumjulia hali, wakainama kitandani, "Shikamoo mama, unaendeleaje?" Naye alijikusanya, mdomo ukihangaika, kisha akajibu waziwazi: "Mzima." Watu walicheka kwa upendo, wakasema huyu mama ana moyo. Mimi nilikuwa natoka nje.

Kuhusu ziwa hakunihadithia chochote. Nilimuuliza mara nyingi, je, mwisho hauonekani kweli? Alinitazama, na macho yake yalikuwa na jambo zima la kusema. Aliliona, hilo najua. Aliona nini, sijui, na wala sitajua.

Mwezi huu binti yangu ananitafutia bima ya safari, kwa sababu na mimi nimezidi sitini na ana mpango wa kunipandisha meli ya watalii huko pwani. Alinipigia simu akasema, "Baba, hapa kwenye sukari niweke hapana? Itakuwa rahisi zaidi." Nikamwambia aniandikie yote. Sukari, jicho nililopasuliwa, hata goti. Kampuni ya kwanza ikakataa. Ya pili bado inafikiri. Akisema hakuna ya tatu, nitabaki Tabora na nitakuwa na amani.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, wewe unayemshughulikia mzazi safari, uanze mapema ili haraka isikuchagulie. Uliza kwa zaidi ya mmoja, na kama wanaosafiri ni wengi, ulizieni bima ya pamoja. Barua ya daktari itafute hata kama ni foleni ya kutwa, maana hiyo kutwa utaikumbuka kwa wema. Usitazame bei peke yake. Uliza wanalipia nini mtu akiugua ndani ya meli, nani atamshusha, nani atamrudisha nyumbani, na ugonjwa alio nao tangu zamani wanauhesabu vipi. Bei ikikushinda, punguzeni siku za safari, au nendeni mahali pasipohitaji kuvuka mpaka. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, na mwenzake wa chumbani azijue.

Na fomu usiijaze peke yako huku mzee amekaa benchini. Msomee kila swali, kisha unyamaze, umwache ajibu kwa kinywa chake, hata akichelewa, hata chai ikipoa. Akisema anaumwa, andika anaumwa. Mimi mama yangu alitaka kusema ukweli, nikamnyamazisha, na alinitii mpaka mwisho.

Mwenyezi Mungu akupe wazazi wenye umri mrefu, akupe na moyo wa kukaa nao bila haraka. Safari zenu ziwe salama, kwenda na kurudi. Na wakirudi, Mungu awajalie nguvu ya kukuhadithia, nawe akujalie uwepo hapo uwasikilize. Amina.