Maiti Aliyengoja Kuulizwa

Nasari yetu ilikuwa chumba kimoja cha chini katika nyumba ya mawe katika mtaa wa Langoni, kisiwani, chumba chembamba hivi kwamba mtu mnene akipiga chafya mlangoni, dirisha la nyuma lilifunguka lenyewe. Humo ndimo tulimoweka watoto ishirini na watatu. Uhuru ulikuwa bado mbichi, kila mtu akianzisha chama cha kitu fulani, na akina mama wa mtaa nao wakaanzisha ushirika wa watoto wao. Chumba kilitolewa na bibi mmoja aliyekuwa na nyumba mbili. Maji na mihogo iliyochemshwa na maganda yake vililetwa kwa zamu, na kila mama alikuwa na siku yake ya kushinda nasi. Walimu tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu.

Mimi nilichaguliwa kwa sababu ni msomi. Usicheke. Nilisoma gumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima, miaka mitatu bila kukosa, nikapewa cheti chenye muhuri mkubwa kama sahani ya pilau. Mume wangu alikitundika ukutani, wageni wakawa wanakisalimu cheti kwanza, mimi baadaye. Sababu ya pili ni sauti. Mimi mzawa wa Kizingitini, kijiji cha wavuvi, na kwetu watu huzungumza kana kwamba kila mmoja yuko kwenye chombo chake. Nikiwaita watoto waje kula Langoni, watu wa Manda, kisiwa cha ng'ambo, walinawa mikono.

Mwenzangu alikuwa mke wa karani wa serikali, mtu wa bara, Mkristo, mpole wa kusikitisha, na ujuzi wenyewe ulikuwa wake. Alikuwa amefundishwa namna ya kuwasomesha wadogo kwa michezo. Hakuna ubao, hakuna fimbo, hakuna kukariri. Tulikuwa na vifuu, makombe ya pwani, karai la mchanga, na vipande vya mbao tulivyookota kwa maseremala. Kanuni yake ilikuwa moja tu: "Mtoto akicheza, usimkatize. Yuko kazini." Mimi niliishika kanuni hiyo kama aya.

Mtaa haukuielewa. Bibi wa nyumba ya jirani aliniita siku moja kutoka dakani kwake, barazani penye mlango.

"Mwana hwenda chuoni kusoma," akasema. "Nyinyi mwamfunda kuteza. Kuteza nako hufundwa? Samaki nae utamfunda kuogelea?"

"Bibi, samaki wa siku hizi wataka cheti," nikamjibu.

Akacheka mpaka tambuu ikamtoka kinywani. Wakati huo watu walikuwa bado wananicheka.

Sasa, wiki moja akafariki mzee wa mtaani, na jeneza likapita mbele ya mlango wetu, wanaume wakipokezana, tahalili zikijaa kichochoro chote. Watoto wetu wote walijibana mlangoni kutazama. Kesho yake wakaanza mchezo wa maziko.

Wallahi, sijaona maziko yaliyopangwa vizuri vile. Mmoja alilala juu ya ubao, wanne wakambeba, wengine wakafuata nyuma. Imamu alikuwa mtoto wa kike mwenye pengo mbele, binti wa seremala. Wavulana walimwambia mwanamke hawi imamu, naye akawaambia, "Haya, nani mwengine ayuae maneno?" Hakuna aliyeyajua, akabaki imamu. Maiti alipelekwa pembeni, akamwagiwa mchanga wa karai, yakasemwa maneno ambayo mimi sikuyasikiliza, kisha ghafla akafufuka akawakimbiza waombolezaji wake wote. Atakayeshikwa ndiye maiti wa kesho. Mimi nilikuwa naona mwisho ule tu, kelele na mbio, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa namenya mihogo.

"Huu si uchuro?" nilimwuliza mwenzangu siku ya pili.

"Wanajaribu kuelewa walichokiona," akasema. "Tusiwakatize."

Siku ya nne zamu ya umaiti ilimwangukia mvulana mmoja mwembamba mwenye masikio makubwa. Huyo alikuwa na kipaji. Alilala kimya hata nzi akatembea puani asipepese. Na alikuwa na sifa moja ya kuheshimu masharti: mkikubaliana mchezo uwe hivi, basi kwake ni hivi mpaka kiyama. Wenzake wakalalamika maiti hana cha kufunikia. Ndipo mimi, msomi mwenye muhuri, nikavua leso yangu mpya nikamfunika kwa mkono wangu, nikaipachika vizuri chini ya kidevu. Nikacheka. Hilo la kucheka ndilo linaloniuma mpaka leo.

Zamu ya mihogo siku hiyo ilikuwa ya mama yake.

Nikueleze juu ya mama huyo. Yule mvulana alikuwa mtoto wake wa nne, na ndiye pekee aliyekuwa hai. Watatu wa kwanza hawakufika kutambaa. Alipoingia na sufuria kichwani, alimkuta mwanawe amelazwa pembeni, amefunikwa mpaka kidevuni, watoto wamemzunguka wakimwagia mchanga.

Sufuria ilianguka. Mihogo ikatapakaa mpaka kichochoroni.

"Mwanangu!" akapiga yowe. "Mwanangu mwamzika yu hai? Watatu hawakutosha?"

Akamnyakua pamoja na leso yangu, akatoka mbio. Mtoto hakufumbua macho. Niliona mikono yake imenyooka ubavuni vilevile, kama alivyolazwa.

Jioni hiyo mtoto akashikwa na homa.

Mtu wa bara angesema homa ni ya mbu, na mwenzangu alisema hivyo. Lakini Langoni ilikuwa imekwisha kuamua kwamba sisi ndio tuliomwitia mauti. Kesho yake walikuja watoto tisa. Siku ya pili wanne. Siku ya tatu alikuwapo mmoja tu, binti wa mwenzangu mwenyewe, wa miaka minne, akipanga vifuu peke yake katika chumba ambacho sasa kilionekana kikubwa kama uwanja wa ndege. Nilipopita mtaani milango ilifungwa mbele yangu mmoja baada ya mwingine, taratibu, bila kubamizwa. Heri wangebamiza. Hata paka wa Langoni, viumbe wasiojua adabu, walinipisha njia.

Mtoto alipelekwa hospitali na baba yake, akapigwa sindano. Nyumbani akanyweshwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani zikaoshwa kwa maji. Siku ya tano homa ikaondoka. Tulishukuru Mungu, nikafunga nguo yangu vizuri niende kumpa mkono mama yake.

Lakini mtoto hakuinuka. Akitiwa maji mdomoni alimeza, akitiwa uji alimeza vijiko viwili, basi. Amelala chali, mikono ubavuni, macho amefumba. Haitiki akiitwa. Daktari alimpima akasema homa imekwisha, haoni kitu kingine. Siku ya sita hivyo hivyo. Ya saba. Ya nane, mashavu yalikuwa yamebonyea, na nyanya yake akaanza kusema kwa sauti ndogo kuwa mwili umebaki lakini mwenyewe keshakwenda.

Kila alasiri nilikwenda kukaa dakani kwao. Sikufunguliwa. Siku ya saba mlango ulifunguka kidogo, nikasimama, na leso yangu ikarushwa ikanipata usoni.

"Chukua sanda yako," mama mtu akasema, akafunga.

Mimi ni mtu ambaye hata msibani hutafuta neno la kuchekesha. Siku hiyo nilitafuta sikupata hata moja. Niliketi pale na leso mapajani, nikamwambia Mungu achukue cheti, achukue sauti, achukue leso zangu zote kumi na mbili (zilikuwa tano), amwache huyu mmoja.

Asubuhi ya siku ya tisa nilimkuta mwenzangu katika chumba chetu ameinama juu ya karai la mchanga, analia bila kutoa sauti, kama watu wa bara wanavyolia.

"Nimemwambia mume wangu aombe uhamisho," akasema. "Mimi ndiye niliyesema tusiwakatize. Kama nilikosea, dada, nilikosea kwa mtoto wa mtu."

"Leso ilikuwa yangu," nikamwambia.

Na binti yake, bila kuinua kichwa kwenye vifuu vyake, akasema, "Yeye si mgonjwa. Hajaulizwa."

Mwenzangu akafuta macho. "Hajaulizwa nini?"

"Maswali. Maiti akishamwagiwa mchanga, imamu anamwuliza Mola wako ni nani. Akijibu ndipo anaamka. Asipoulizwa haamki. Ukiamka kabla, umeharibu." Akatutazama kama tunavyowatazama watoto wasiojua kufunga vifungo. "Mama yake alikuja kabla."

Unajua kwetu maiti akishafukiwa husomewa talkini, akakumbushwa maswali atakayoulizwa kaburini. Watoto waliyasikia wapi, sijui, lakini waliyaweka mchezoni mahali pake hasa. Na mimi nilikuwa namenya mihogo.

Sikumbuki kuvaa buibui. Nakumbuka tu mlango wa kwao yule mvulana, na kwamba niliupiga kwa viganja viwili, mwenzangu akinifuata nyuma.

"Bi, nisikilize kwanza, kisha nipige! Nakuomba! Nipige na mchi ukipenda!"

Nafikiri alifungua ili anipige kweli. Nilimweleza mlangoni, nikijikanyaga maneno. Alinitazama kwa macho ambayo hayakulala siku nane, akanipisha. Nikaingia nikapiga magoti penye kitanda na kumwuliza mtoto mimi mwenyewe, "Mola wako ni nani?"

Kimya. Lakini ukope mmoja ulitetemeka. Sote watatu tuliuona, mimi, mama na nyanya.

"Wewe si imamu," mwenzangu akasema kutoka nyuma yangu. "Anamngoja imamu. Anawangoja na wenzake."

Mama akainama juu yake. "Mwanangu, inuka. Mamako nakwambia inuka." Ukope haukutikisika tena.

Nikakimbia kwa seremala. Mkewe akasimama mlangoni, mikono miwili imeshika miimo. "Mwanangu mimi? Mumemlaza mmoja, sasa mwataka wa pili? Rudi ulikotoka, mwalimu!" Nyumba ya pili hivyo hivyo. Nyumba ya tatu hawakujibu, nami niliwasikia wakipumua nyuma ya mlango. Nikarudi mikono mitupu, nikamwambia yule mama kwamba mimi hawatanipa.

Basi akatoka yeye. Saa sita mchana, jua la kupasua vichwa, mwanamke ambaye mtaa mzima haukuwahi kumwona bila buibui alitoka na kanga begani, akasimama mlango kwa mlango. Hakupiga kelele. Alisema maneno hayohayo kila mahali:

"Jamani, niazimeni wana wenu. Yeo tu. Niazimeni nimpate wangu."

Nani angemfungia huyo? Mke wa seremala alimtoa binti yake mwenyewe, lakini akafuata nyuma akiwa amemshika kanzu. Mama zao wote walifuata. Walipojaa kwenye kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba, walikuwa watoto wanane wa miaka mitano na akina mama kumi na mmoja.

Mtoto alitolewa kitandani akalazwa juu ya mkeka. Nilikuwa na leso. Nilimtazama mama yake. Akaichukua mkononi mwangu, akamfunika yeye mwenyewe, mpaka kidevuni.

Imamu wetu mwenye pengo alisimama penye kichwa. Alipitisha macho kwa watu wazima wote. "Musinene," akatuamuru. Kisha wakamwaga mchanga, kila mmoja magao matatu ya kiganja, mchanga wa karai letu aliouleta mwenzangu. Akajikohoza.

"Ewe mja! Mola wako ni nani?"

Njiwa aliruka darini. Nilihesabu pumzi zangu.

"Mngu," akasema mtoto. Sauti ilikuwa kavu kama karatasi.

"Na Mtume wako?"

Akamtaja. Kisha akafumbua macho, akaondoa leso, akakaa.

Mama yake akaanza kumrukia, mwenzangu akamshika mkono. "Bado," akamnong'oneza. "Usimkatize."

Maana mchezo ulikuwa na mwisho wake. Mtoto alisimama, magoti yakigongana, akanyoosha mikono mbele, na wenzake wakapiga ukelele na kukimbia kama ilivyo desturi. Lakini walipogeuka wakaona hawezi. Hatua moja, anayumba. Hatua ya pili. Basi wale watoto, bila kuambiwa na mtu, wakaanza kukimbia polepole. Miguu juu, mikono ikizunguka, ukelele uleule, lakini hatua ndogo, ndogo, ili apate kuwafikia.

Na hapo nikawaona akina mama. Machozi yamesimama. Kila mmoja alikuwa anamtazama wake, maana kila mmoja alikuwa amekwisha kusikia sharti: atakayeshikwa ndiye maiti wa kesho. Mke wa seremala alikuwa ameinua mguu aingie akamchomoe binti yake. Akimchomoa, mchezo umekatika tena.

Nikatumbukia mimi. Nilikimbia na wale watoto, mtu mzima mwenye uzito wa magunia matatu ya mchele, nikapiga ukelele wa Kizingitini ambao nadhani ulisimamisha shughuli Manda, nikazunguka, na nikajikwaa makusudi mbele ya yule mtoto. Mkono mdogo, wa vuguvugu na mkavu, ukanishika kisigino.

"Wewe, mwalimu!" akasema.

Mama yake akamnyanyua, na sasa hakuna aliyemzuia. Alimbana mpaka mtoto akalalamika kuwa ana njaa.

"Mwalimu ndiye maiti!" imamu akatangaza. "Mbebeni!"

Wanane walijaribu kuninyanyua wakashindwa. Mwanamke mmoja akacheka, cheko la mtu aliyekuwa analia, kisha wa pili. Mke wa seremala alikuja akanishika mguu mmoja, yule bibi wa nyumba ya jirani akashika mwingine. Nikalazwa juu ya mkeka. Nikanyoosha mikono ubavuni. Yule mama akaja na leso yangu, akanifunika, akaipachika chini ya kidevu changu, na vidole vyake vikakaa pale kidogo.

Nikafumba macho, nikangoja kuulizwa.