Teremko la Mkono Mmoja

Bi Vitufe akikasirika, usimsogelee. Siku hiyo alitoka kwenye duka la kuchapa mabango, anakofanya kazi asubuhi, bila kumuaga bosi, akaacha kadi ya harusi ya watu nusunusu kwenye kompyuta: bwana harusi ana jina, bibi harusi hana. Mkononi amekamata kidude chake cha michezo, na mguu kwa mguu anakwenda kwa shemeji yake kumuuliza swali moja tu. Nani kakupa ruhusa?

Jina hilo la Bi Vitufe walimpa majirani kwa dhihaka, likamganda. Mwanamke mzima, ana mume na watoto, na kila alasiri anajifungia chumba cha nyuma kutengeneza michezo ya kidude kinachoenea kiganjani! Kina skrini ya nyeusi na nyeupe, mishale minne upande wa kushoto, vitufe viwili vya duara upande wa kulia, basi. Ukimuuliza kwa nini asitengeneze michezo ya simu kama wenzake, atakujibu, "Simu ina kila kitu. Hiki hakina kitu, ndiyo maana nakipenda." Alijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu na kurudia. Kompyuta inaweza kuigiza kile kidude ikakuonyesha mchezo unavyokwenda, lakini yeye haiamini hata kidogo. Akiandika mistari michache ya programu anachomeka waya, anahamishia kwenye kidude chenyewe, anacheza kwa vidole vyake.

Na mchezaji wake wa kwanza siku zote ni kaka yake. Kaka alikuwa dereva wa malori makubwa, mpaka kiharusi kilipomwangusha kikaondoka na mkono wa kushoto. Mkono upo, lakini umelala tu pajani. Sasa mishale iko kushoto, mtu kabakiwa na wa kulia, atacheza nini? Bi Vitufe hakukaa akilia. Alitengeneza programu ndogo ya kupachika ndani ya mchezo wowote, inayovibebesha vile vitufe viwili vya kulia kazi yote: bonyeza kimoja na kuachia, unakata kulia, bonyeza ushikilie, unakata kushoto, vyote viwili kwa pamoja, breki. Akaiweka mtandaoni bure. Watengenezaji wenzake, watu asiowajua hata sura, wakaichukua wakaipachika kwenye michezo yao. Mmoja alimwandikia kwamba mama yake amecheza tena, mara ya kwanza tangu aumie. Siku hiyo ndipo alipolia.

Kisha akatengeneza Teremko. Lori, mzigo, mlima, kona juu ya kona. Aliutengeneza kwa ajili ya kaka, na alilisema hilo kwa kila mwenye masikio. Shemeji, mdogo wa mumewe, ndiye aliyechora lori na mawe na vumbi, na ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuupeleka kwenye duka la mtandaoni. Asubuhi hiyo ukapokelewa. Palepale kazini Bi Vitufe akaupakua kama mteja mwingine yeyote, akafungua mipangilio, akatafuta palipoandikwa "Mkono mmoja". Hapapo. Akazima, akawasha. Hapapo! Kitu kilichoufanya mchezo uzaliwe kimefutwa, na mchezo tayari uko kwa watu.

Alimkuta shemeji mezani, kalamu sikioni, anatafuna biskuti.

"Shemeji, karibu! Umeona tumepokelewa?"

"Mkono mmoja uko wapi?"

Shemeji akameza biskuti nzima. "Aa... nafasi, shemeji. Nafasi ilijaa. Lile vumbi la matairi limekula sana, nikaona nipunguze kidogo."

"Nafasi!" Bi Vitufe akacheka kicheko kibaya. "Sehemu ile yote haifikii hata picha moja ya gurudumu lako! Mimi niliyeiandika unanidanganya mimi? Kila Jumapili uko kwa kaka yangu, unacheka naye, unakula naye, halafu unamfungia mlango usoni kwa ajili ya vumbi? Huna haya wewe? Huna hata chembe?"

"Punguza sauti, majirani..."

"Wasikie! Waje na viti kabisa!"

Shemeji akaitoa kalamu sikioni, akailaza mezani. "Kamuulize kaka yako."

"Nimuulize nini?"

"Yeye ndiye aliyeniambia niitoe. Akaniapisha nisikwambie mpaka mchezo utoke."

Bi Vitufe hakuaga hapo pia.

Kaka alikuwa amekaa dirishani. Kidude amekilaza mezani juu ya taulo ili kisiteleze, kidole gumba cha mkono wa kulia kwenye mishale, kidole cha mwisho kimenyooshwa mpaka kinatetemeka kufikia kitufe cha breki. Lori likafika kona ya kwanza, likapinduka. Akaanza upya.

"Kaka, ni kweli?"

"Kweli."

"Kwa nini? Nimeumiza macho kwa ajili yako, halafu unanizunguka na shemeji kama mtoto?"

"Mtoto nani hapa, wewe au mimi?" Sasa aliinua macho, na hasira iliyokuwamo ilizidi ya dada yake. "Jumapili ile shemeji yako alicheza kwa mikono miwili. Akaanguka kona ya tatu. Akarudia, akaanguka. Mimi na mkono wangu mmoja sijawahi kuanguka hata siku moja. Nikasema, loo, kumbe bado dereva! Nikamtambia, nikamwita mzembe. Basi akajaribu na yeye ule wa mkono mmoja. Akateremka mlima mzima huku anapiga miayo. Akanitazama, akanyamaza. Unajua alivyoninyamazia?"

Ni kweli. Ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mchezaji anayefika, Bi Vitufe alikuwa ameulegeza mlima. Ukichagua mkono mmoja, kona zinapanuka, breki zinashika mapema. Kwenye ile programu aliyowapa watu bure hakuna ujanja huo. Aliutia kwenye Teremko tu, kwa ajili ya mtu mmoja tu.

"Nilitaka ufurahi, kaka."

"Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Mke wangu ananikatia nyama. Majirani wananipigia kelele kana kwamba kiharusi kilikula masikio. Nikawa najiambia, kuna kitu kimoja bado nakiweza. Kimoja! Kumbe na hicho ulikuwa unakifanya wewe."

"Ungeniambia! Ningeondoa ulegevu nikaacha vitufe!" Naye sasa alikuwa anapiga kelele. "Na wenzako wenye mkono mmoja watacheza nini?"

"Warudishie. Kesho. Tena uwe mgumu vilevile, usimhurumie mtu. Leo niache."

Akainama tena. Kidole gumba kikasukuma, kidole cha mwisho kikanyooka. Kona ya kwanza lori likapita, likiyumba. Ya pili likaingia kwa kasi mno, tairi la nyuma likatoka barabarani, na mkono wa Bi Vitufe ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha breki.

Kaka aliupiga kofi, kofi la kweli, la mkono pekee alionao.

"Toa mkono wako," alisema. "Acha nianguke."

Lori likaanguka. Bi Vitufe alibaki amesimama, mkono unawaka moto, na hakusaidia.