Bado Kidogo Tu

Kinyozi huyu hafukuzi wateja kwa mkono mbaya, ila kwa mkono usiojua kuacha. Akipunguza kushoto, kulia kumezidi. Akisawazisha kulia, kisogo hakimpendezi. Aliyekuja kupunguza nywele huondoka na kipara. Na kwa mawe ya vito wanayookota ni hivyo hivyo. Jioni yeye na mkewe hukaa uani na mashine yao ndogo ya kusagia: mke, mwenye jicho la kuchagua, hulilamba jiwe aone rangi yake itakavyong'aa, kisha hulikata, mume hulisaga na kulipiga msasa, miwani imeteremka puani, vidole vimejaa tope, akinong'ona, "Bado kidogo tu, mama."

Kidogo hicho mke anakijua. Jiwe la kijani, alilojiwekea la pete, liliingia kwenye mashine likiwa kama yai la kuku. Leo lilikuwa kama harage.

"Hapa pana mkwaruzo," kinyozi alisema.

"Mkwaruzo uko kwenye miwani yako, baba. Hebu lete nione rangi."

Akalilamba, kama kawaida yake. Kisha akafumba mdomo.

Kinyozi alinyoosha kiganja, akangoja. Mke akalisukumia jiwe shavuni, akajitanda khanga, akatoka zake kwenda kwa sonara. Mlangoni jirani alimtazama shavu kwa huruma. "Pole, dada. Jino?"

Akaitikia kwa kichwa na kukaza mwendo, maana nyuma yake ndala zilikuwa zikija mbio: "Simama, mke wangu! Bado kidogo tu!"