Kamera ya Kuhesabia Nyuzi

Wifi yangu hatii viraka. Mtajie neno kiraka uone atakavyokukata jicho. Kazi yake ni kuziba matundu ya nguo: anachomoa uzi kwenye pindo la nguo ileile, anautunga sindanoni, anausuka juu, chini, juu, chini, mpaka mwenye nguo mwenyewe asijue tundu lilikuwa wapi. Mimi ni mtu wa pasi. Ameolewa na kaka yangu miaka ishirini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo tumefanya kazi chumba kimoja, yeye dirishani penye mwanga, mimi ukutani penye soketi. Tumegombana kwa kila kitu, chumvi, redio, mlango, lakini kwa kazi hatujawahi.

Mwaka jana macho yake yakaanza kuona ukungu katikati. Daktari wa macho hakuzunguka mbuyu: pembeni utaendelea kuona, katikati patazidi kufifia, na miwani haitasaidia. Wifi alirudi chumbani, akakaa kwenye kiti chake, akasema, "Haya, nipe lile sweta." Kaka akaambiwa ni uchovu tu.

Sasa niseme kosa langu mapema, nisije nikaonekana mwema. Kazi ya wifi ilikuwa imeharibika. Uzi unaruka, mwingine unapinda, na mimi nayaona yote kila nikilaza nguo mezani. Unadhani nilimwambia? Thubutu! Nilipiga mvuke mwingi, kisha nikashika brashi nikalaza manyoya ya sufu juu ya kosa. Mteja akitaka kufungua mdomo, namfuata hadi nje namsihi asiseme kitu. Nilijiambia namsitiri. Miezi kumi na moja.

Wazo la kamera lilikuwa lake. Alitaka apige picha ya tundu, aikuze kwenye televisheni yetu ya pale chumbani, ahesabu nyuzi, ndipo ashone. Tulijaribu kwa simu yangu, ikatoa uji mtupu. "Simu yako inajipendekeza," akasema. "Inapaka kila kitu poda." Akaulizia huku na huku, akaambiwa zipo kamera ndogo za dijitali zilizokwisha kutumika, bei yake inashikika, na lenzi zake ni nzuri. "Tukiipata, naendelea," aliniambia. "Tukiikosa, nafunga sindano zangu. Sitaki kuwa fundi wa kuonewa huruma." Nikageukia pasi yangu.

Dukani tulimkuta baba mmoja wa makamo mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kipajini. Wifi hakuuliza bei. Alitoa kwenye mfuko aliobeba koti la mwalimu mkuu mmoja mstaafu, la sufu ya kijivu, alilokuwa amelimaliza wiki ile. Akalitandaza kaunta.

"Nitajaribia hapa," akasema. "Nipigie picha karibu kabisa, kwenye hili bega."

Muuzaji akaanza na kamera nyembamba inayong'aa kama kijiko kipya, akiisifia wingi wa nukta za picha. Wifi akamkatisha, "Nukta nyingi sawa. Je, inasogeza karibu kwa kioo cha lenzi yenyewe, au inatanua tu picha?"

"Kwa kioo inasogeza kidogo, mama. Baada ya hapo inatanua."

"Kuvuta kitambaa hakuongezi uzi," wifi akasema. Yule baba akacheka mpaka miwani ya kipajini ikateremka.

Hata hivyo akapiga nayo picha ya bega, akaiunganisha kwa waya na televisheni kubwa ya dukani. Wifi akageuza kichwa upande, kama anavyofanya siku hizi ili aone kwa pembeni. Bega lilionekana laini, safi, halina hata dalili ya tundu. Uso wake ukachanua. "Umeona, wifi? Hata kamera haioni nilipopita!"

Jamani, nilipata pa kujificha. "Chukua hiihii," nikasema haraka. "Nyepesi, mpya, inapendeza. Tulipe twende, nguo za watu zinangoja."

"Una haraka ya nini, wewe? Baba, nyingine ipo?"

Ilikuwepo. Nene, imekwaruzika pembeni, rangi imebanduka kwenye kona, na kwa sababu hiyo bei yake ilikuwa chini kuliko ile ya kwanza. Lakini muuzaji aliishika kwa mikono miwili. Alisema hii mwili umezeeka ila lenzi haina doa, inapokea mwanga mwingi, na ukigeuza kitufe kwenye alama ya ua unaweza kuisogeza hadi upana wa vidole viwili kutoka kwenye kitu.

"Nzito hiyo," nikasema. "Itakuchosha mkono. Na betri za kizee hizo, utazipata wapi?"

"Wifi, umekuja kunisaidia au kuniuzia?"

Muuzaji akapiga. Picha ikajaa televisheni nzima, kila uzi mnene kama kamba. Na katikati pakawa na fujo. Nyuzi mbili zilizoruka, uzi uliopita chini mahali pa kupita juu, fundo limekaa wazi kama jino bovu. Hata kwa pembeni ya jicho usingeweza kukosa kuiona.

"Hii kazi ya nani?" wifi akauliza.

 Akalisogeza koti, akapapasa bega kwa kidole gumba, akatazama tena kwenye televisheni. Kisha akanigeukia.

"Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya brashi, na wateja niliowafuata nje. Muuzaji wa watu akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na bado nikajitetea: "Nilikuwa nakusitiri, wifi."

"Kazi yangu haina sifa nyingine," akasema polepole. "Mteja akivaa, akaondoka kimya, ndiyo sifa. Mimi miezi yote hiyo nalala usingizi, najua nimenyamaziwa kwa sababu kazi ni nzuri." Akakohoa. "Baba, nifungie hiyo nzee."

 Njiani kamera nilibeba mimi, na kweli ilikuwa nzito.

Tulipofika aliweka koti mezani, akalifumua bega lote. Akapiga picha, tukaiweka kwenye televisheni, akahesabu kwa sauti, akashona uzi mmoja. Akapiga tena.

"Sema," akaniambia.

"Naona kama... labda umepita kidogo..."

"Mbona unaongea kama uko wodini? Sema!"

"Umeruka! Wa tatu kutoka kushoto, umeruka!"

Akafyonya, akafumua. Mpaka jioni tulikuwa na nyuzi nne. Nne tu, lakini nilizitazama kwa karibu na sikuona pa kupitisha brashi.

Kesho yake mwalimu mkuu akaja kuchukua koti lake. Nilinyanyuka kumwahi mlangoni, kwa mazoea. Wifi akaninyooshea mkasi: kaa. Nikakaa.

"Mwalimu, koti halijawa tayari," akasema. "Nililishona vibaya, nimelifumua. Macho yangu yameharibika. Nitalirudia, lakini nahitaji wiki mbili. Ukitaka kulipeleka kwa mwingine, sitakulaumu."

Mwalimu alilitazama bega lililofumuliwa. Nilijua akisema, "Hapana fundi, mbona kazi yako ni nzuri siku zote," atakuwa amemmaliza. Nikamkodolea macho, nikimwomba kimoyomoyo, safari hii aseme ukweli.

 Alivua koti jingine alilokuwa amelivaa, la kahawia, alilolichukua kwetu miezi saba nyuma baada ya kuzibwa kiwiko, akaliweka mezani taratibu.

Wifi akalipapasa kiwikoni. "Na hili?"

"Na hili, fundi."

Akalivutia kwake. "Basi wiki nne," akasema. "Wifi, niletee kamera."