Pete ya Pampu na Bwana Legeza

Fundi Ismaël wa Kasongo alipewa jina la Legeza kwa neno aliloshinda akilisema mbele ya mashini yake ya kukerezea vyuma. Wapita njia walimdhania mvivu. Wateja wake walijua kwamba alumini nyembamba hutaka mkono mwepesi.

Siku moja pete ya ndani ya pampu ya kituo cha afya ilivunjika, na mama waliokuja kujifungua wakawa wanachotewa maji bondeni, ndoo kwa ndoo. Muuguzi Chimène alimletea Ismaël sufuria kuukuu za alumini aziyeyushe, asubu pete nyingine. Nyuma yake alikuja Blaise, rais wa komite ya maji, amevaa koti, pamoja na makatibu wawili.

"Papa Legeza, leo ukaze," alisema Blaise. "Kitu chenye kukazwa hakina kiburi."

"Shefu, hii iko nyembamba kama ganda la yai. Ukiibana, itakubali yote mbele yako. Ukiiachilia, itarudilia tabia yake."

"Kaza."

Ismaël akaibana pete kwa meno matatu ya mashini, akaikereza. Komite ikaipima ingali imebanwa: mviringo kamili. Wakapiga makofi, wakaandika raporti, wakatia mhuri. Ndipo Ismaël alipolegeza meno. Pete ikashusha pumzi, ikatoka na pembe tatu kama mafiga.

"Umeiharibu kwa kulegeza," alisema Blaise.

"Basi tuiache ndani ya meno, Shefu. Mutabeba mashini yote mpaka kule."

"Raporti inasema iko muviringo."

"Basi tufunge raporti ndani ya pampu," alisema Chimène. "Pengine haitavuja."

Komite ikaondoka na raporti yake, ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Ismaël akaisubu pete upya. Safari hii aliikereza kidogo tu, akailegeza ipumzike hadi baada ya sala ya adhuhuri. Kisha akaizungushia kola ya mbao iliyoikumbatia pande zote, akaondoa tabaka la mwisho, jembamba kama karatasi. Akalegeza kwanza, ndipo akapima. Pete ilibaki mviringo.

Alasiri pete ilifungwa ndani ya pampu ya kituo, na maji yakapanda tangini. Chimène alijaza ndoo ya kwanza, akaipeleka kwa wazazi. Ismaël akakinga birika lake la kutawadhia, akalijaza hadi shingoni, akafunga bomba kwa vidole viwili.