Aliyeing'oa Bolti ya Pikipiki ya Baba

Mtu anaingiaje katika nyumba ambayo mlango wake umefungwa kwa komeo kutoka ndani? Nilijiuliza siku ile, nikajiuliza miaka mingi baadaye, na jibu sikuwa nalo. Najua utakavyosema. Hata mimi ningesema hivyo hivyo, maana nilikuwa msichana wa kubishia kila kitu. Nilikuwa nasoma chuo kikuu Kampala, na nikija likizo niliwacheka shangazi zangu kwa ubani wao. Lakini haya yalinifika mimi mwenyewe, mchana mweupe, spana mkononi. Niamini au uache.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mtaa wa Langoni, Lamu. Baba alikuwa na pikipiki kuukuu aliyoinunua Mombasa kwa askari waliokuwa wakiondoka baada ya vita. Barabara hatukuwa nazo, kwa hiyo aliiendesha ufukweni maji yakitoka, mpaka Shela na kurudi, watu wakimcheka na kumpungia mikono. Siku moja ilimwangusha, akavunjika shingo. Nikaitwa nyumbani.

Mama akaingia eda. Arubaini haijafika, ami yangu Athmani, kaka wa baba, akaanza maneno. Nyumba yetu alikuwa akiitamani tangu zamani. Mama alikuwa mtu wa Mbwajumali, kisiwani Pate, na kwa ukoo wa baba hilo lilitosha kuwa kosa. Ami akasema mama amemmaliza mumewe kwa uchawi, na kwamba hirizi iko chini ya injini ya pikipiki. Alisema hayo barazani, mbele ya wanaume, kwa sauti ya kumfikia mama ndani. Ijumaa, baada ya sala, angekuja na wazee na fundi wake, pikipiki itolewe uani hadi uchochoroni, injini ishushwe, kila mtu ajionee.

"Na msipoona kitu?" nilimuuliza.

"Tutaona. Wewe msomi rudi jikoni. Huko Kampala hawakukufunza kunyamaza?"

"Walinifunza kumtazama vizuri mtu anayejua kilichomo ndani ya kitu kabla hakijafunguliwa."

Alicheka, akaenda zake. Umeelewa? Hirizi ingetoka katika mkono wa kanzu ya fundi wake! Mama angetolewa nyumbani mwake na nguo za eda mwilini, na jina la mchawi lingemfuata mpaka kaburini. Ilinibidi niishushe injini mimi, kabla yao. Na peke yangu, kwa sababu nyumba yenye eda haiingii mwanamume wa kando.

Alhamisi adhuhuri nilifunga mlango kwa komeo nikaanza, palepale uani. Mama alikuwa ndani, ameketi kitandani, anautazama ua kupitia mlango wazi. Nikatoa tangi, mnyororo, kabureta. Bolti zilizoshika injini zilikuwa tatu. Mbili zilitoka kwa matusi. Ya tatu, ile ndefu ya nyuma iliyopita fremu upande hadi upande, ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari. Nati ilitoka, bolti ikakataa. Nikaipiga nyundo, na kila pigo niliona uso wa ami. Ncha ikaanza kuchanuka kama uyoga.

"Ukiipiga hivyo utaiua."

Nikageuka. Nyuma yangu alisimama mwanamke wa makamo, amevaa buibui, uso wazi. Nilidhani ni jirani aliyekuja kumpa mama pole.

"Hodi hupigi?" nikamfokea.

Akaitazama ncha ya bolti. "Irejeze nati, iwe sawa na ncha, ndipo upige. Na kwanza kaza."

"Nikaze? Mimi nataka itoke!"

"Wataka itoke, au wataka kumpiga mtu? Kaza kidogo, legeza kidogo. Ipe ndia ya kutokea."

Nikairejeza nati, nikakaza, nikalegeza. Wallahi, bolti ilisogea! Unene wa unywele, kisha ikagoma tena.

"Leta makaa," akasema. "Usichome bolti. Choma hili sikio la fremu ilimopita bolti, lipanuke."

Hilo nililielewa, chuma kikipata moto hutanuka, nililisoma darasani, na kichwani halikunijia. Nikaitoa nati, nikashika kaa kwa koleo huku nikipepea, mpaka chuma kikawa chekundu. Yeye akainama, akakishika kichwa cha bolti kwa vidole viwili vitupu, akaivuta kama unavyochomoa sindano kwenye kitambaa. Hapakuwa na mlio wala harufu ya ngozi kuungua. Nikamtazama miguu nione kama ni kwato za jini, kama tulivyofunzwa sote utotoni. Ilikuwa miguu ya mtu, yenye hina iliyofifia na nyufa za kisigino.

Nikajiambia, basi bolti haikupata moto. Nikaishika. Ngozi ya vidole vyangu viwili ilibaki pale.

Kwa ukaidi tu sikulia. Nikatia mchi wa kutwangia chini ya injini, nikaiinua. Hirizi haikuwapo. Palikuwa na mchanga, grisi, na bomba la fremu limekatika karibu lote, kutu imejaa ndani ya ufa. Hicho ndicho kilichomuua baba! Nikainua kichwa nimwonyeshe yule mwanamke.

Hakuwapo. Nikakimbilia mlangoni; komeo lilikuwa mahali pake. Nikarudi kwa mama.

"Nani yule?"

"Yupi?"

"Mwanamke aliyekuwa nami uani! Umeketi ukinitazama, mama!"

"Sikuona mtu," alisema. "Jua limekupiga, mwanangu."

Nilimpigia kelele mama yangu, mjane, katika eda yake. Mpaka leo naona haya.

Ijumaa asubuhi majirani wa kike walinisaidia kuitoa fremu uchochoroni, ikiwa wazi hivyo hivyo, nao wakakaa kuilinda mpaka watu walipotoka msikitini. Ami alifika na wazee, fundi wake akakosa la kufanya. Mhunzi mmoja mzee alipitisha kidole kwenye ufa.

"Kutu hii ni ya miezi," alisema. "Chuma kilikatika chenyewe. Bwana Athmani, muombe radhi mjane wa nduguyo."

Ami aliondoka bila kuomba. Alikufa bila kuomba. Mama alibaki nyumbani mwake.

Vidole vyangu viwili havina hisia tena. Nikishika kikombe nakitazama nisije nikakiangusha. Hilo nimelizoea. Linaloniudhi ni kwamba nilithibitisha hapakuwa na uchawi, na aliyenipa uthibitisho siwezi kumweleza kwa mtu mwenye akili zake. Nawe unayesoma, ukisikia mjane anaitwa mchawi, usianze kubishana kama uchawi upo au haupo. Uliza ni nani anayeitaka nyumba yake. Na mgeni asiyepiga hodi akija kukusaidia, usimfokee kabla kazi haijaisha.

Mama alizeeka sana, mato yake, kama alivyoyaita, yakaingia ukungu. Alikuwa amebakiza siku chache nilipomuuliza tena juu ya yule mwanamke.

"Ami yako alikuwa akingoja neno moja tu kama hilo litoke kinywani mwangu," alisema. "Ningelisema nimemwona, ungelitumia ufa gani kuniokoa?"

"Basi alipita wapi?"

"Mlangoni hakupita. Alitoka chumba cha ndani, tulimomwosha babako. Akasimama mbele yangu akaniuliza, 'Bi, nimsaidie mtoto?' Nikamwambia, msaidie."